Kolera: namna ARN ndogo zinaongoza mikrobi ndani ya tumbo

Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanaijua kolera tangu miaka mingi. Mwezi wa saba 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma, iliua maelfu ya watu ndani ya majuma machache. Uvira, Fizi na Kalemie nako inarudi mara kwa mara. Mikrobi inayoileta inaitwa Vibrio cholerae. Mikrobi hiyo haishambulii ovyo: ina wakati wa kukaa na wakati wa kutoka, na kati ya vitu vinavyoiongoza kuna ARN ndogo.

ARN ndogo ni nini?

Jeni ni amri iliyoandikwa ndani ya ADN. Ili amri itimizwe, mikrobi inaiandika upya kwenye ARN mjumbe, sawa barua inayotoka ku ofisi. Barua ikisomwa, proteini inatengenezwa. ARN ndogo nyingi hazibebi amri ya kutengeneza proteini. Kazi yao ni kukamata barua njiani. Zinashikamana nayo, zikisaidiwa na proteini inayoitwa Hfq, na mara nyingi barua inaharibika mbele ya kusomwa. Jeni bado iko, ila amri yake haifiki.

Mikrobi zinahesabiana

Kila mikrobi ya kolera inatoa alama za kikemia. Mikrobi zikiwa chache, alama nazo ni kidogo. Hapo zinatengeneza ARN ndogo 4, Qrr1 mpaka Qrr4, ambazo zinaharibu barua ya proteini HapR. HapR ni kama breki. Breki ikikosekana, mikrobi zinashikamana ku utumbo na kutoa sumu. Sumu hiyo inatoa maji na chumvi mwilini, na mgonjwa anahara kama maji ya kuoshea mchele.

Mikrobi zikishakuwa nyingi, alama zinajaa. Qrr zinapungua, HapR inatengenezwa, sumu inazuiwa na mikrobi zinaachilia utumbo. Siyo huruma: zinatafuta njia ya kutoka ili zifike kwa mtu mwingine. Watafiti wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, akiwemo Bonnie Bassler, walieleza kazi ya Qrr hizo mwaka 2004.

Ina faida gani?

Mwaka 2010, watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walipa watoto wa panya bakteria isiyo na madhara, iliyobadilishwa ili itoe alama ya kolera. Mikrobi za kolera zilidanganyika kwamba zimekwisha kuwa nyingi, na panya wengi walisalimika. Hiyo haijawa dawa ya watu, lakini inaonyesha kwamba mikrobi inaweza kuzuiwa bila kuuawa.

Kwa sasa, ulinzi ni ule unaojulikana. Mikrobi zinazotoka na choo cha mgonjwa ni nyingi sana na ziko tayari kuambukiza. Juu ya hiyo, choo hicho kisifike ziwani wala mtoni. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe klore. Mikono inawiwe kwa sabuni. Mwenye kuhara aanze palepale kunywa serumu ya chumvi na sukari, huku akipelekwa ku kituo cha afya bila kungoja kesho.