Siku nne katika nchi ya Wakhmer: urithi wa mawe na urithi wa watu

Katika bendera ya Kambodia kuna picha ya jengo jeupe lenye minara mitatu. Jengo hilo ni Angkor Wat, hekalu lililojengwa katika karne ya 12 na ambalo hadi leo ndilo kitambulisho kikuu cha Wakhmer, jamii iliyo kubwa kupita zote miongoni mwa wakazi takriban milioni 17 wa taifa hilo la kusini mashariki mwa Asia.

Watalii wengi huenda Kambodia kwa ajili ya hekalu hilo pekee. Hulizunguka kwa siku moja au mbili, wakapiga picha jua linapochomoza nyuma ya minara, kisha wakarejea makwao. Wafanyao hivyo huwa wameona nusu tu ya urithi wa Wakhmer.

Nusu ya pili haikujengwa kwa mawe. Ni ngoma za kasri, muziki, ufumaji wa hariri, maonyesho ya vivuli vya ngozi na mafunzo ya dini, mambo ambayo kwa karne nyingi yalihifadhiwa vichwani na mikononi mwa watu, mwalimu akimrithisha mwanafunzi. Mawe yamestahimili mvua, mizizi na vita kwa zaidi ya miaka 800. Urithi huu mwingine nusura utoweke katika muda usiotimia miaka minne, kati ya Aprili 1975 na Januari 1979.

Ziara fupi ya siku nne, ikipangwa kwa busara, humwezesha mgeni kuona pande zote mbili. Mpangilio ufaao ni kuanzia Phnom Penh, mji mkuu, kisha kumalizia Siem Reap, mji ulio jirani na mahekalu. Anayeanza na mahekalu huyaona kama magofu ya watu waliokwisha kutoweka. Anayeanza na mji mkuu hufika Angkor akijua kwamba wenyewe wapo, na akijua yaliyowapata.

Historia kwa ufupi

Dola ya Angkor huhesabiwa kuanzia mwaka wa 802, pale Jayavarman wa Pili alipojitangaza kuwa mfalme mkuu katika mlima wa Kulen. Kwa muda wa karne sita zilizofuata, wafalme wa Khmer walitawala sehemu kubwa ya bara la kusini mashariki mwa Asia.

Nguvu zao zilitegemea maji. Walichimba mifereji na mabwawa makubwa ya kuhifadhi maji ya masika. Bwawa la magharibi la Angkor, lenye urefu wa takriban kilomita nane na upana wa kilomita mbili, bado lina maji hadi leo.

Suryavarman wa Pili, aliyetwaa kiti cha enzi mwaka wa 1113, alijenga Angkor Wat kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Wahindu. Jayavarman wa Saba, aliyetawala kuanzia 1181, alifuata dini ya Budha na kujenga mji wa Angkor Thom pamoja na hekalu la Bayon. Mnamo 1431 jeshi la Ayutthaya, ufalme uliokuwa katika nchi ambayo sasa ni Thailand, liliuteka mji huo. Baadaye makao ya wafalme yalihamia kusini. Ufaransa ilitawala Kambodia kuanzia 1863 hadi nchi ilipojipatia uhuru mwaka wa 1953.

Siku ya kwanza: kasri na makavazi

Kasri la kifalme la Phnom Penh lilianza kujengwa mwaka wa 1866, Mfalme Norodom alipohamisha makao yake kutoka Oudong. Ndani ya ua wake mna hekalu ambalo sakafu yake imetandikwa vigae vya fedha zaidi ya 5,000.

Karibu na kasri kuna Makavazi ya Kitaifa, jengo jekundu lililofunguliwa mwaka wa 1920 na kubuniwa na Mfaransa George Groslier. Humo ndimo zilimo sanamu bora zaidi za Khmer duniani. Mgeni na atazame hasa zile zilizotoka Koh Ker, mji uliokuwa makao makuu ya dola kwa muda mfupi katika karne ya 10.

Sanamu hizo zina kisa cha kusikitisha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1970, wezi walizikata miguuni na kuzivusha mpaka, zikaishia katika majumba ya matajiri na makavazi ya ng'ambo. Sanamu ya Duryodhana, mmoja wa mashujaa wa hadithi ya Mahabharata, ilikuwa karibu kupigwa mnada mjini New York mwaka wa 2011 serikali ya Kambodia ilipoidai. Nyayo zake zilikuwa zimebaki Koh Ker zikiwa zimeganda kwenye jiwe la msingi, na zilikuwa ushahidi mkubwa wa mahali ilikotolewa. Ilirejeshwa mwaka wa 2014.

Makavazi ya Metropolitan ya New York nayo yalirudisha sanamu mbili mwaka wa 2013, na Desemba 2023 yakatangaza kurudisha nyingine 14. Kwa Wakhmer wengi sanamu hizi si mapambo. Huamini zinabeba roho za wazee na miungu, na si ajabu kuwaona wageni wa makavazi wakiziwekea maua na ubani.

Siku ya pili: kumbukumbu ya maangamizi

Kundi la Khmer Rouge, likiongozwa na Pol Pot, liliingia Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975. Wakazi walifukuzwa mjini kwenda kulima mashambani. Fedha, shule, masoko na dini vilipigwa marufuku. Hadi utawala huo ulipoangushwa na majeshi ya Vietnam mnamo Januari 1979, inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi, kazi za sulubu na kuuawa.

Tuol Sleng ilikuwa shule ya sekondari kabla ya kugeuzwa gereza la mateso lililojulikana kama S-21. Kati ya maelfu ya watu waliofungwa humo, waliotoka hai ni wachache mno. Wafungwa walipigwa picha walipoingia, na picha hizo sasa zimejaa kutani. Wengi wao walipelekwa kuuawa Choeung Ek, takriban kilomita 15 kutoka mjini, ambako sasa kuna mnara wa vioo wenye mafuvu zaidi ya 5,000. Mahali hapo pawili, pamoja na gereza la awali la M-13, paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo Julai 2025.

Wapo wasemao kwamba likizo si wakati wa kutazama mafuvu. Lakini Khmer Rouge waliwalenga hasa watu waliobeba utamaduni: watawa, walimu, wanamuziki na wachezaji ngoma wa kasri. Inakadiriwa kwamba wasanii tisa kati ya kila kumi waliangamia. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa thamani ya ngoma atakayoiona jioni.

Ngoma iliyorudishwa kutoka kumbukumbuni

Ngoma ya kasri ya Khmer huchezwa polepole, vidole vikipindwa nyuma na kila ishara ya mkono ikiwa na maana yake. Wahusika wake wakuu ni wanne: mwanamke, mwanamume, jitu na tumbili. Visa vingi hutoka katika Reamker, hadithi ya Rama jinsi Wakhmer wanavyoisimulia. Mtoto huanza mafunzo mapema, viungo vikiwa bado laini.

Sehemu kubwa ya elimu hiyo haikuwa vitabuni, hivyo kila mwalimu aliyekufa alikwenda na sehemu yake kaburini. Baada ya 1979, walionusurika walikusanyika Phnom Penh na kuanza kukumbushana, huyu akijua mwanzo wa ngoma na yule mwisho wake.

Miongoni mwao alikuwa Chea Samy, aliyeingia kasri akiwa mtoto mdogo na aliyekuja kuwa nguzo ya ufundishaji wa ngoma katika chuo cha sanaa kilichofufuliwa. Mume wake alikuwa ndugu wa damu wa Pol Pot. Bintimfalme Norodom Buppha Devi, aliyekuwa mchezaji mkuu wa kasri kabla ya vita, naye aliirejesha ngoma hiyo katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka wa 2019.

Mnamo 2003 shirika la UNESCO liliitambua ngoma ya kasri kuwa hazina ya wanadamu wote, na mnamo 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Maonyesho hufanyika Phnom Penh na Siem Reap. Ni heri mgeni achague yale yanayoandaliwa na vyuo na vikundi vya wasanii wenyewe, kuliko yale ya mikahawa ambako ngoma ni kitoweo cha chakula cha jioni.

Siku ya tatu: Angkor

Kutoka Phnom Penh hadi Siem Reap ni takriban kilomita 315, safari ya saa sita hivi kwa basi au chini ya saa moja kwa ndege.

Hifadhi ya Angkor ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 400 na iko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1992. Angkor Wat imezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 190 hivi. Tofauti na mahekalu mengi ya Khmer, lango lake kuu linatazama magharibi. Minara yake mitano huwakilisha vilele vya Meru, mlima wa miungu. Kutani mwa veranda zake mmechongwa vita vya Mahabharata na kisa cha miungu na mashetani wakiisukasuka bahari ya maziwa ili wapate maji ya uzima.

Bayon hujulikana kwa nyuso kubwa zinazotabasamu kutoka minarani. Hata hivyo, hazina yake kwa mtu wa kawaida iko chini, kwenye nakshi za ukutani: wanawake sokoni, wavuvi, wapishi, watu wakipiganisha majogoo.

Ta Prohm, ambako mizizi ya miti mikubwa imekumbatia kuta, Jayavarman wa Saba aliliweka wakfu mwaka wa 1186 kwa kumbukumbu ya mama yake. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana humo yanataja wachezaji ngoma 615 waliolihudumia hekalu. Mgeni aliyeona ngoma usiku uliotangulia huko mjini atafahamu kwamba alichokiona ni uzao wa mbali wa watu hao.

Siku ya nne: Banteay Srei na ziwa

Banteay Srei, hekalu dogo la mawe mekundu lililo takriban kilomita 25 kutoka kundi kuu la mahekalu, liliwekwa wakfu mwaka wa 967. Nakshi zake ni nyembamba mithili ya ubao uliochongwa na fundi wa milango. Mnamo 1923 mwandishi Mfaransa André Malraux, aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni wa nchi yake, alikamatwa kwa kuiba sanamu humo.

Alasiri yafaa kutumiwa katika ziwa la Tonle Sap, chemchemi ya samaki waliowalisha wajenzi wa Angkor. Wakati wa mvua, mto Mekong hufurika kiasi cha kuusukuma mto wa Tonle Sap urudi nyuma, na ziwa hupanuka mara kadhaa. Maji yanapogeuka tena, ifikapo Novemba, Wakhmer husherehekea kwa mashindano ya mashua.

Wenyeji wa hifadhi

Angkor haijawahi kuwa mahame matupu. Watawa huabudu humo na wanakijiji wamelima mpunga kandokando ya mahekalu kwa vizazi. Mwaka wa 2022 serikali ilianza kuhamishia Run Ta Ek maelfu ya familia kutoka hifadhini, mpango uliolenga familia zipatazo 10,000. Serikali husema wanahama kwa hiari na kwamba lengo ni kulinda urithi. Shirika la Amnesty International, katika ripoti ya Novemba 2023, lilisema wengi walishurutishwa na kupelekwa mahali pasipo na huduma za kutosha. Mgeni anayenunua hariri au chakula kwa mwanakijiji anashiriki, kwa kiasi chake, katika suala la nani anufaike na mawe hayo.

Mambo ya kuzingatia

Wakati mwafaka wa kuzuru ni Novemba hadi Februari, mvua zikiwa zimekatika na joto halijapanda. Tangu Februari 2017 tiketi ya kuingia Angkor imekuwa dola 37 za Marekani kwa siku moja, dola 62 kwa siku tatu na dola 72 kwa siku saba. Sarafu ya nchi ni riel, ila dola hutumika karibu kila mahali, mradi noti isiwe imechanika. Uwanja mpya wa ndege wa Siem Reap, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko mbali na mji, na nauli ya kuingia mjini yafaa kuwekwa katika hesabu.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Abiria hubadilisha ndege Ghuba au Bangkok. Kutokana na mapigano ya mpakani kati ya Kambodia na Thailand yaliyozuka Julai 2025, anayenuia kuvuka kwa barabara, au kuzuru hekalu la Preah Vihear lililo mpakani, sharti aulize hali ya usalama kwanza.

Katika mahekalu, mabega na magoti hufunikwa. Mwanamke hamgusi mtawa, na kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto. Salamu hutolewa kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi iliyopoteza walimu wake karibu wote, kupona huko hutegemea pia mgeni anayelipa kiingilio cha ngoma na kukaa kitini hadi mwisho.