ISTILAHI ZINAZOPIGIKA: HISTORIA FUPI YA MIPIGO YA MSINGI YA NGOMA

Katika kila fani ipo hatua ambayo mwanafunzi hufundishwa vipande vidogo vya kazi kabla ya kuruhusiwa kuifanya kazi yenyewe. Kwa mpiga ngoma wa bendi, hatua hiyo ni ile ya mipigo ya msingi, yaani mafungu mafupi ya mapigo ambamo mkono wa kulia na wa kushoto hupokezana kwa utaratibu maalumu. Mafungu hayo hurudiwa polepole, kisha upesi, kisha polepole tena, hata mikono yote miwili iwe na nguvu sawa na utii sawa. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya mipigo hiyo na majina yake, na kuonyesha kwa nini kanuni tuliyoizoea ya kutohoa maneno ya kigeni haitufai hapa. Nitatumia neno pigo kwa mshuko mmoja wa mkwiro, na neno mpigo kwa fungu zima la mapigo.

Asili ya mipigo hii

Ngoma ndogo ya bendi, ile ivaliwayo kwa ukanda na yenye nyuzi zilizokazwa chini ya ngozi ya pili, ilikuwa chombo cha amri katika majeshi ya Ulaya. Askari waliamshwa, walitembezwa na kurudishwa nyuma kwa mipigo yake; hivyo mpiga ngoma aliyekosea aliweza kukipoteza kikosi. Ndiyo sababu mazoezi ya mikono yalitiliwa mkazo sana. Huko Marekani, Charles Ashworth alichapisha mwaka 1812 kitabu cha utaratibu wa upigaji ngoma. Mwaka 1933 wapiga ngoma waliokutana Chicago waliunda chama chao, nacho kikasanifisha mipigo 26, kumi na tatu ya lazima na kumi na tatu ya nyongeza. Mwaka 1984 orodha ya kimataifa ilifikisha mipigo 40.

Lakini kabla ya orodha hizo palikuwa na mdomo. Wapiga ngoma wengi wa zamani hawakusoma noti. Walifundishwa kwa kutamka. Mpigo wa mapigo mawili kulia na mawili kushoto Waingereza waliuita “dadi-mami”, na Wafaransa “papa-mamani”. Majina hayo hayakuwa mzaha wa watoto. Kila silabi ilikuwa pigo moja, na kila neno mkono mmoja. Aliyelitamka jina alikwisha kuupiga mpigo. Istilahi hapa haikuwa bandiko lililogandishwa juu ya kitu. Ilikuwa kitu chenyewe.

Kuingia kwake Afrika ya Mashariki

Ngoma hii ilikuja kwetu pamoja na majeshi ya wakoloni. Wazee wetu hawakuyapokea majeshi hayo kwa mikono miwili. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Kilolo, Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Hata hivyo utawala wa kigeni uliendelea hadi Uhuru, nao Waingereza walikuwa na jeshi lao la King’s African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, pamoja na bendi zake.

Wananchi hawakubaki watazamaji. Tangu miaka ya 1890 vijana wa pwani ya Kenya walianza kuigiza bendi za kijeshi katika ngoma ya beni, ambayo jina lake lenyewe limetokana na neno bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea Tanganyika, vikiwa na vyeo vyao vya “kingi” na “jenerali”. Tazama basi: jina la ngoma lilitoholewa, vyeo vilitoholewa, nayo lugha ikatajirika.

Baada ya maasi ya Januari 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na kambi ya Colito ya Dar es Salaam ikapewa jina la Lugalo. Kwa jina hilo kumbukumbu ya Kilolo ilirudishiwa heshima yake. Lakini kazi ya kuyapa majina mazoezi ya mpiga ngoma bado haijakamilika, kwani hatujawa na istilahi moja inayokubalika kwa walimu wote.

Tatizo la kutohoa

Kwa desturi, neno la kigeni lisilo na sawa yake hutoholewa kwa kufuata matamshi yetu. Chukua mpigo wa pigo la kulia, la kushoto, kisha mawili ya kulia. Jina lake la Kiingereza lina silabi nne, moja kwa kila pigo. Tukilitohoa kuwa “paradidili” tunapata silabi tano kwa mapigo manne. Neno limekuwa Kiswahili safi, lakini haliwezi tena kupigwa. Mwalimu wa bendi ya shule huko Ilula au Dabaga akiwatamkisha wanafunzi neno hilo, mdomo na mkono vitagombana.

Kutafsiri kwa maana nako hakutoshi. “Mpigo wa mchanganyiko wa moja moja na mbili mbili” ni maelezo mazuri ya kamusi, lakini halitamkiki upesi wakati mikwiro ikiwa hewani.

Njia iliyo nyumbani

Utamaduni wetu una ufumbuzi. Majina ya ngoma kama chapuo na vumi yanatukumbusha vitenzi chapua na vuma, yaani kazi na sauti. Huko Buganda kila ukoo una mubala, mdundo unaobeba maneno, hata asikiaye ngoma husikia usemi. Naye marehemu Morris Nyunyusa, aliyekuwa kipofu, alipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, na mdundo wake ukawa kitambulisho cha taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Mikono yake haikuongozwa na karatasi.

Kwa hiyo napendekeza ba iwe pigo la kulia na ma pigo la kushoto. Mapigo ya kupokezana yatakuwa “bama-bama”. Mapigo mawili mawili “baba-mama”. Na ule mpigo uliotushinda kuutohoa utakuwa “bama-baba, maba-mama”. Kistari kina kazi yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi “bamababa” ingepata mkazo mmoja mahali pa tatu, ilhali mpigo huu hukazwa mwanzoni. Katika “baba-mama” mwalimu aangalie jambo jingine: pigo la pili la kila mkono hupatikana kwa mkwiro kuruka wenyewe, nalo huwa dhaifu. Awatamkishe wanafunzi “babá-mamá” mpaka mapigo yalingane. Ama mpigo wa pigo dogo la kushoto litanguliao kubwa la kulia, karibu kwa pamoja, waweza kuitwa “mba”, kwani katika silabi hiyo sauti nyepesi ya m huitangulia ba katika pumzi moja.

Kihehe, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu yenye silabi zinazoishia kwa irabu. Hivyo mtoto wa Kilolo hatapata taabu ya kutamka. Tunawaomba walimu wa bendi, wa skauti na wa vikosi wayajaribu majina haya uwanjani, mbele ya ngoma zenyewe, na kutuandikia yapi yamekubali na yapi yamekataa. Jina ambalo mkono utalikataa lifutwe, hata kama Kamati imelipitisha.