Dodgers: timu iliyohama na familia zilizohamishwa

Uwanja wa Dodgers uko kilimani, karibu na katikati ya mji wa Los Angeles, Marekani. Ulifunguliwa tarehe 10 mwezi wa nne mwaka 1962, na unaingiza watu 56,000. Timu ya besiboli inayochezea pale, Los Angeles Dodgers, ni kati ya timu zenye kupendwa sana nchini humo. Lakini kabla ya uwanja, kilima hicho kilikuwa na nyumba, shule, kanisa na bustani za familia nyingi zenye asili ya Mexico. Na kabla ya kufika Los Angeles, timu yenyewe ilikuwa na kwao kwingine, ikaondoka na kuwaacha wapenzi wake wakilia. Historia ya Dodgers ina watu waliofungua mlango uliokuwa umefungwa miaka mingi, na ina pia watu waliotolewa kwa nguvu katika nyumba zao. Wote wanastahili kukumbukwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: besiboli inachezwa na watu tisa kila upande. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mpinzani wake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu. Akifaulu kurudi mahali alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Mahali hapo Wamarekani wanapaita nyumbani.

Timu ya watu wadogo

Dodgers walianzia Brooklyn, upande mmoja wa mji wa New York. Jina lao lenyewe linatoka barabarani: zamani watu wa Brooklyn walikuwa wakikwepa tramu za umeme kila siku, na neno la kukwepa ndilo likawa jina la timu. Tangu mwaka 1913 walichezea uwanja mdogo ulioitwa Ebbets Field, katikati ya nyumba za wafanyakazi, Wayahudi, Waitalia, Waairishi na watu weusi. Mashabiki walikaa karibu sana na wachezaji, hata waliweza kuzungumza nao.

Lakini ubingwa ulikuwa mgumu. Kati ya mwaka 1916 na 1953, Dodgers walifika fainali mara saba na kushindwa zote saba. Tano kati ya hizo walishindwa na timu moja tu, jirani zao matajiri wa New York Yankees. Kila mwaka watu wa Brooklyn walifarijiana kwamba mwaka ujao utakuwa wao.

Jackie Robinson avunja ukuta

Wakati huo, mchezaji mweusi hakukubaliwa katika ligi kubwa. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila wenye timu walikuwa wamepatana hivyo tangu miaka ya 1880. Watu weusi walicheza katika ligi zao wenyewe, kwa pesa kidogo na safari ndefu za basi.

Mwaka 1945, kiongozi wa Dodgers, Branch Rickey, alimwita kijana mmoja aitwaye Jackie Robinson. Huyu alizaliwa Georgia mwaka 1919 na kulelewa California na mama yake. Mwaka 1944, akiwa ofisa wa jeshi, alikataa kuhamia nyuma ya basi alipoamriwa kwa sababu ya rangi yake. Alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akashinda kesi. Rickey alijua kwamba huyu si mtu wa kunyamaza. Hata hivyo alimwomba jambo zito: kwa muda wa mwanzo, asijibu tusi lolote wala pigo lolote. Akijibu, watasema watu weusi hawafai, na mlango utafungwa tena.

Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 1947, Robinson aliingia uwanjani Ebbets Field akiwa na namba 42. Alikuwa na umri wa miaka 28. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wamejaribu kuandika barua ya kumkataa, lakini kocha Leo Durocher akawazuia. Siku chache baadaye, kocha wa timu ya Philadelphia, Ben Chapman, pamoja na watu wake walimtukana Robinson wazi wazi mchezo ukiendelea. Alipokea barua za kumtishia maisha. Kuna hoteli zilizomkatalia kulala pamoja na wenzake.

Robinson alijibu kwa miguu na gongo. Mwaka huo alikuwa wa kwanza katika ligi yake kwa kuiba vituo, mara 29, na akatajwa mchezaji mpya bora. Mwaka 1949 akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Nyuma yake waliingia wengine, kama mdakaji Roy Campanella na mrushaji Don Newcombe, na timu nyingine nazo zikaanza kufungua mlango. Baada ya ule muda wa kunyamaza kwisha, Robinson alisema waziwazi kila alichoona si haki, na aliendelea kusema hadi kifo chake mwaka 1972, akiwa na miaka 53.

Siku moja ya furaha, kisha kuondoka

Tarehe 4 mwezi wa kumi mwaka 1955, Brooklyn walipata walichongoja. Katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Yankees, mrushaji Johnny Podres, kijana wa miaka 23, hakuwaruhusu wapinzani kupata hata pointi moja. Katikati ya mchezo, Yogi Berra wa Yankees aliupiga mpira mbali kuelekea kona ya kushoto. Kama ungeanguka chini, Yankees wangesawazisha. Sandy Amorós, mchezaji mweusi kutoka Cuba, alikimbia mbio ndefu, akanyosha mkono na kuudaka. Mchezo ukaisha 2 kwa 0. Usiku huo Brooklyn haikulala.

Miaka miwili tu baadaye, timu iliondoka. Mwenye timu, Walter O'Malley, alisema Ebbets Field ni mdogo, umezeeka na hauna nafasi ya magari. Alitaka parsela nyingine palepale Brooklyn ili ajenge uwanja mpya. Robert Moses, aliyekuwa na nguvu juu ya mipango ya ujenzi wa New York, alimkatalia na kumwonyesha sehemu ya Queens. Los Angeles nao walikuwa wakimngoja wakiwa na ardhi mkononi.

Mchezo wa mwisho Ebbets Field ulikuwa tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka 1957. Walikuja watu 6,702 tu. Mwaka 1960 uwanja ulivunjwa, na mahali pake pakajengwa majumba ya kupangisha. Kuna wazee wa Brooklyn ambao hawakumsamehe O'Malley hadi kufa kwao. Robinson hakuhamia na timu: alikuwa ameuzwa kwa timu nyingine mwishoni mwa mwaka 1956, akaamua kuacha kucheza.

Ile ardhi ilikuwa ya nani?

Ardhi ambayo Los Angeles ilimpa O'Malley iliitwa Chavez Ravine. Ilikuwa na kata tatu: Palo Verde, La Loma na Bishop. Wakaaji wengi walikuwa watu wenye asili ya Mexico, ambao katika sehemu nyingi za mji hawakuruhusiwa kununua nyumba. Pale kilimani walijenga wenyewe, wakafuga kuku na mbuzi, wakalima mboga. Viongozi wa mji waliona umaskini. Wakaaji waliona kwao.

Mwezi wa saba mwaka 1950, kila familia ilipokea barua kutoka ofisi ya nyumba ya mji. Barua ilisema wauze parsela zao, kwa sababu serikali itajenga pale nyumba nyingi za watu wenye kipato kidogo. Iliwaahidi pia kwamba wao ndio watakuwa wa kwanza kuchagua nyumba mpya. Wengi waliamini, au waliona hawana njia ya kukataa. Walichukua pesa kidogo na kutawanyika mjini.

Nyumba zile hazikujengwa. Hizo zilikuwa nyakati ambapo Marekani iliogopa sana ukomunisti, na wapinzani wa mpango huo walisema nyumba za serikali ni njia ya wakomunisti. Ofisa Frank Wilkinson, aliyekuwa akiutetea mpango, aliulizwa mwaka 1952 ni wa vyama gani. Alikataa kujibu, akafukuzwa kazi. Mwaka uliofuata Norris Poulson alichaguliwa meya baada ya kuahidi kuusimamisha mpango. Ardhi ikarudi mikononi mwa mji ikiwa karibu tupu, kwa sharti itumike kwa faida ya watu wote. Mwishowe ilienda kwa Dodgers. Mwezi wa sita mwaka 1958 wananchi walipiga kura, na waliokubali mkataba huo wakawazidi kidogo waliokataa.

Siku mbili za mwezi wa tano

Familia chache zilikuwa zimebaki kilimani. Wakati huo Dodgers walikuwa wakichezea kwa muda katika uwanja mkubwa wa Coliseum. Usiku wa tarehe 7 mwezi wa tano mwaka 1959, watu 93,103 walijaa humo kwa ajili ya Roy Campanella. Mdakaji huyo alikuwa amepooza baada ya ajali ya gari mwezi wa kwanza mwaka 1958, na hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja Los Angeles. Taa zilizimwa, watu wakawasha viberiti, na uwanja mzima ukang'aa kwa heshima ya mtu aliyekaa katika kiti cha magurudumu.

Kesho yake, tarehe 8, katika mji huohuo, askari walipanda Chavez Ravine kuitoa familia ya Manuel na Abrana Aréchiga. Binti yao, Aurora Vargas, alikataa kutoka. Askari walimbeba kwa mikono na miguu, wakashuka naye ngazi mbele ya wapiga picha. Kisha katapila ikavunja nyumba. Familia ililala kwenye hema palepale kwa siku kadhaa. Baadaye magazeti yaliandika kwamba walikuwa na nyumba nyingine mjini, na huruma ya watu wengi ikapungua. Lakini ahadi ya mwaka 1950 haikuwa imetolewa kwa familia moja. Ilitolewa kwa kata tatu, na hakuna aliyepewa nyumba iliyoahidiwa.

Fernando na sauti ya redio

Kwa miaka mingi, familia nyingi zenye asili ya Mexico hazikutaka kukanyaga uwanja ule. Kilichobadilisha mambo kwa sehemu kubwa kilitoka kijijini Etchohuaquila, Mexico. Fernando Valenzuela alikuwa mtoto wa mwisho kati ya 12 katika familia ya wakulima. Mwaka 1981, akiwa na miaka 20, alianza mchezo wa kwanza wa msimu kwa sababu mrushaji aliyepangwa alikuwa ameumia. Alishinda michezo yake minane ya kwanza. Mwaka huo alipata tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji mpya bora kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya, na Dodgers wakawafunga Yankees katika fainali.

Waliokosa tiketi walimfuata Fernando redioni. Jaime Jarrín, mhamiaji kutoka Ecuador, alitangaza michezo ya Dodgers kwa Kihispania tangu 1959 hadi 2022, na ndiye aliyemtafsiria Fernando mbele ya waandishi wa habari. Kwa sauti hiyo, wazee waliokasirika na wajukuu wao walianza kusikiliza pamoja. Valenzuela alifariki tarehe 22 mwezi wa kumi mwaka 2024. Siku nane baadaye Dodgers walitwaa ubingwa, tena dhidi ya Yankees.

Yaliyobaki

Kila tarehe 15 mwezi wa nne, wachezaji wote wa ligi kubwa wanavaa namba 42. Siku nyingine hakuna tena anayepewa namba hiyo, kwa heshima ya Robinson.

Watu wa Chavez Ravine hawana namba kama hiyo. Mwaka 2024 bunge la California lilipitisha sheria ya kuchunguza jinsi walivyopoteza ardhi na jinsi ya kuwalipa, lakini gavana Gavin Newsom alikataa kuitia saini. Walichonacho ni walichokitunza wenyewe. Waliohamishwa walijiita Los Desterrados, yaani walioondolewa katika ardhi yao. Kila mwaka wamekuwa wakikutana katika bustani ya Elysian, karibu na uwanja, wakila pamoja na kuwaonyesha watoto picha za zamani. Wanawaambia nani alikaa jirani na nani, na shule ilikuwa upande gani. Palo Verde, La Loma na Bishop zimebaki majina ambayo watoto wao bado wanayajua.