Kufufua vichwa vya treni: Kwa nini Kibamba inahusika

Na Mwandishi Wetu

RELI haipiti Kibamba, lakini kila kichwa cha treni kinachokwama huwagusa wakazi wake. Shehena ya Zambia, Kongo na Rwanda inayokosa treni katika Bandari ya Dar es Salaam hupakiwa kwenye malori, nayo hupita Barabara ya Morogoro yakiacha foleni na moshi.

Mfano wa wazi ni Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA), yenye urefu wa kilomita 1,860. Reli hiyo ilikabidhiwa mwaka 1976, na miaka michache baadaye ilikuwa ikisafirisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/2015 ilisafirisha takribani tani 88,000 tu. Uhaba wa vichwa vizima ulikuwa miongoni mwa sababu.

Njia mojawapo ya kupunguza uhaba huo ni kukijenga upya kichwa cha zamani badala ya kununua kipya.

Katika kichwa cha dizeli-umeme, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huendesha jenereta, na umeme wake hupelekwa kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Fremu ya chuma huweza kudumu miaka 40 au zaidi, wakati injini huchakaa mapema. Hivyo mafundi hubakiza fremu, huondoa injini na nyaya za zamani, kisha hufunga injini ya kisasa inayodhibitiwa na kompyuta. Mafuta hupimwa kwa usahihi na kuungua vizuri zaidi, hivyo matumizi na moshi mweusi hupungua.

Kubadili injini si jambo geni nchini. Vichwa vya kwanza vya TAZARA, vilivyotoka China na kutumia mfumo wa haidroliki, vilielemewa na mlima kati ya Mlimba na Makambako. Katika miaka ya 1980 baadhi yake vilifungwa injini za MTU za Ujerumani. Kwa upande wa Reli ya Kati, karakana ya Morogoro imevijenga upya vichwa vya dizeli-umeme vilivyotengenezwa Canada miaka ya 1970.

Lengo kuu wakati huo lilikuwa nguvu na upatikanaji wa vipuri. Suala la hewa lilipata uzito zaidi mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipotangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani. Marekani ilikuwa imeweka tangu mwaka 1998 viwango vya moshi vinavyohusu hata vichwa vya zamani vinapojengwa upya.

Hata hivyo, injini safi huhitaji mafuta safi, kwa kuwa salfa nyingi huharibu vichujio vya moshi. Tanzania ilianza mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, lakini TAZARA na reli ya zamani ya mita moja bado hutegemea dizeli.

Kwa Kibamba, hesabu ni rahisi. Treni moja ya mabehewa 20, kila moja likibeba tani 40, huondoa barabarani malori zaidi ya 25 ya tani 30.