Walikuwa VHT: kazi ya afya tuliyoifanya Uganda, na nafasi yake huku nyumbani



Tunapoandikisha waliorudi tunauliza mambo mengi: ulikimbia mwaka gani, ulitoka kijiji gani, uko na watoto wangapi, shamba liko wapi. Mara chache tunauliza: kule ulifanya kazi gani? Katika wale waliotoka Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II, kuna wanaojibu kwa sauti ya chini: "Nilikuwa VHT." Wanasema hivyo kama vile haikuwa kazi, juu haikuwa na mshahara. Makala hii ni juu yao.

VHT ni timu ya afya ya kijiji. Uganda iliianzisha 2001, lakini wazo lenyewe ni la zamani. Septemba 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya ya msingi iwashirikishe wananchi wenyewe, hata mfanyakazi wa afya atoke kijijini. Kwetu, wakati ule ikiwa Zaire, miaka ya 1980 nchi iligawanywa kwa zone za afya. Reko wetu wa leo, yule anayegonga mlango siku za chanjo ya polio, ametoka katika historia hiyohiyo. Kwa hiyo mkimbizi aliyefika Uganda hakukuta jambo geni. Alikuta kazi ya reko, kwa jina lingine.

Rwamwanja ilifunguliwa upya Aprili 2012, wakati wa vita ya M23. Kwa sisi wa upande wa Beni, mwaka mkubwa ni 2013. Tarehe 11 Julai ADF walishambulia Kamango, na watu zaidi ya 60,000 wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo. Walipokelewa Bubukwanga, kisha wengi wakapelekwa Kyangwali. Oktoba 2014 mauaji yakaanza Beni, na njia ya Uganda haikupoa tena.

Sasa fikiria kituo cha afya cha kambini. Muuguzi anasema Kingereza na Kinyoro. Mama aliye mbele yake anasema Kinande, na Kiswahili kidogo. Katikati yao njo alisimama VHT. Yeye alijua nyumba gani iko na mjamzito, nani ameacha dawa za kifua kikuu, mtoto gani hajachanjwa. Alipima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi: kijani ni salama, njano ni hatari, nyekundu ni haraka ku kituo. Waliofundishwa zaidi walipewa sanduku lenye kipimo cha haraka cha malaria, dawa ya malaria, amoksisilini ya nimonia, na ORS na zinki kwa mtoto anayehara. Kila kitu kiliandikwa ku rejista. Februari 2018, wakati watu wa Ituri walikuwa wanavuka Ziwa Albert kwa wingi, kipindupindu kililipuka Kyangwali. Ugonjwa kama huo haungoji watu waende kituoni. Lazima mtu atembee nyumba kwa nyumba, na anayetembea awe anaeleweka.

Malipo yalikuwa nini? Fulana, buti, sabuni, pengine pesa kidogo ya usafiri siku ya semina. Siku aliyotembelea majirani ni siku ambayo hakulima. Tukisema "kazi ya bure" tunadanganyana. Kuna aliyeilipa: ni familia yake.

Wakati huohuo, huku nyumbani tulipata somo kali. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa wamefika 3,470 na waliokufa zaidi ya 2,280. Riposti ilikuja na magari mingi, pesa mingi na sura ngeni. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na watu wakasema: kumbe ugonjwa huu ni siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Julai, wafanyakazi wawili wa jamii katika Riposti waliuawa majumbani mwao katika eneo la Beni, baada ya kutishwa kwa miezi mingi. Nao walikuwa watu wa hapahapa.

Tusiseme basi kwamba ujirani peke yake unatosha. Jirani anaaminiwa kama kazi yake ilijulikana kabla ya pesa kufika, na kama kijiji kilimchagua. Anayeitwa siku ya hatari tu, akivishwa jile la shirika, anabeba hatari ambayo hakuitengeneza. Ebola iliporudi Butembo Februari 2021, ilimalizika Mei na wagonjwa 12, wakafa 6. Chanjo ilikuwapo, na timu za hapa zilikuwa zimeshajifunza.

Waliorudi wanaleta miaka ya kazi ya namna hiyo, iliyofanywa siku za kawaida. Lakini karatasi zao ni za Kingereza, na wengine hawana hata moja. Hatusemi wachukue nafasi ya mareko waliobaki na kupita moto wa Ebola; hao wanastahili heshima ya kwanza. Tunaomba mambo matatu.

Moja: katika fishi ya chama tuongeze swali, "Ulifanya kazi gani ya jamii kule?" Mbili: wanaojibu "VHT" tuwapeleke kwa tituleri wa kituo na kwa daktari mkuu wa zone, wapimwe ujuzi wao na wapewe atestasyo ya Kifaransa, kisha kijiji kichague chenyewe. Tatu, na hii ni kwa marafiki wanaotoa msaada: mkiandika "kujitolea" ndani ya projeti, tafadhali wekeni ndani ya bajeti usafiri, sabuni, buti na siku ya shamba iliyopotea. Tusipoandika gharama hiyo, haipotei. Inaenda kulipwa na nyumba ambayo tayari ilipoteza kila kitu ilipokimbia.