Sauti ya Ilimba na Vyombo vya Kuitunza

Hakijapata kuletwa sokoni chombo kipya cha sauti ambacho hakikusifiwa kuwa kimevishinda vyote vilivyokitangulia. Sifa hiyo yafaa kupimwa, na kipimo chema ni ilimba ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, mji ambao Chang'ombe ni mojawapo ya kata zake.

Ilimba ni sanduku la mti lenye ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole gumba. Tundu lake hufunikwa kwa utando wa buibui ili kila mlio ufuatwe na mvumo mwembamba kama wa nyuki. Mvumo huo si kasoro, bali ndio uhai wa ala. Nao ni wa kwanza kupotea chombo cha kuuhifadhi kikiwa duni.

Hugh Tracey aliporekodi muziki wa Wagogo mwaka 1950, santuri iliyoenea majumbani ilikuwa bado ile izungukayo mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, na mkwaruzo wa sindano ulichanganyika na mvumo wa ala. Santuri ndefu, iliyozuka mwaka 1948, ilipunguza mkwaruzo ule, na kila mwenye masikio alitambua.

Kaseti ya mwaka 1963 ilikuwa hatua mbele kwa urahisi na hatua nyuma kwa sauti. Utepe wa studio ulikwenda sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Wa kaseti haukufika 5. Hata hivyo kaseti ilipendwa, kwa kuwa ilibebeka mfukoni na kupigwa kwa betri.

Mwaka 1982 ilitokea CD, ipimayo sauti mara 44,100 kwa sekunde. Hesabu hiyo yatosha kubeba mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha sikio la mwanadamu. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doda mkoani Dodoma, alipotoa Chibite mwaka 1996, CD haikuwa na sababu ya kuumeza mvumo wa ilimba yake.

Kisha zikaja SACD mwaka 1999 na DVD-Audio mwaka 2000. Mwaka 2007 Meyer na Moran walitangaza jaribio la kulinganisha sauti za namna hiyo na kipimo cha CD: katika majaribu 554, wasikilizaji walipata 276. Hayo ni matokeo ya kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya majaribio mengi akapata asilimia 52.3, tofauti ipo, lakini ni ndogo mno.

Basi mkazi wa Chang'ombe asikilizaye kwa spika ya simu, ndogo kama sarafu, hana haja ya kununua chombo bora kuliko CD. Spika njema itamfaa zaidi. Lakini mtunza kumbukumbu ana hukumu nyingine. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi wanamuziki wengi kwa utepe, na utepe huoza. Nakala ya leo huenda kesho ikawa ndiyo asili pekee. Ikifanywa kwa bei rahisi na mvumo ukaachwa nje, hapana chombo kitakachoweza kuurudisha, na mjukuu wa Mgogo ataamini kwamba ilimba ya babu yake haikuvuma kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.