Ukaribiaji kwa Ala, Siyo Kutua kwa Vyombo

Mtu akitakiwa kuifasiri haraka istilahi ya marubani "instrument approach", ataandika "kutua kwa vyombo". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: chombo kwa Mswahili ni jahazi, ni gari, ni ndege yenyewe, hivyo msomaji hajui kama kinachotajwa ni ndege au mitambo iliyomo ndani yake. Neno "ala" linafaa zaidi, hata kama wengi wetu tumelizoea kwenye muziki. Kasoro ya pili ni kubwa. Kinachotajwa na istilahi hiyo bado hakijawa kutua.

Tuchukue Entebbe, kiwanja kinachowahudumia wakazi wa Kampala. Rubani anayekuja ndani ya mawingu halioni Ziwa Viktoria wala njia ya kurukia. Anachokiona ni skrini na namba. Mitambo ya ardhini humtumia mawimbi ya redio, nayo humwonyesha kama amepotoka kushoto au kulia, na kama yuko juu au chini ya mteremko unaotakiwa. Kiwanja kiko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Katika ukaribiaji wa kawaida wa mitambo hiyo, rubani huweza kushuka hadi futi 200 hivi juu ya ardhi, sawa na jengo la ghorofa 20. Kipimo chake cha mwinuko kitasoma karibu futi 4,000. Hapo ndipo penye kimo cha uamuzi. Akiziona taa za njia ya kurukia, anaendelea na kutua. Asipoziona, anaongeza nguvu za injini na kupaa upya, hata kama ana hakika moyoni kwamba njia iko palepale mbele yake.

Uganda inajua gharama ya mpaka wa namna hiyo kuvukwa. Usiku wa tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines iliyotoka London Gatwick kwenda Entebbe ilikuwa ipitie Roma. Uwanja wa Fiumicino ulikuwa umefunikwa na ukungu. Marubani walijaribu mara mbili, wakashindwa, wakajaribu mara ya tatu kwenye njia nyingine. Ukaribiaji wa safari hiyo ya tatu haukuwa na mitambo ya kuwaonyesha mteremko. Ulikuwa na kikomo cha kushuka tu, yaani mwinuko ambao rubani haruhusiwi kwenda chini yake mpaka aione njia au taa zake. Ndege iliendelea kushuka chini ya kikomo hicho bila njia kuonekana, ikagonga jengo kabla ya kufika. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walifariki. Uchunguzi ulitaja maandalizi hafifu ya ukaribiaji huo, hasa jinsi marubani walivyopaswa kutajiana mwinuko kwa sauti walipokuwa wakishuka.

Ndiyo maana naling'ang'ania neno "ukaribiaji". Ukiandika kwamba ndege "ilikuwa ikitua kwa vyombo", umekwisha kuahidi kwamba itatua. Neno "ukaribiaji" huacha milango miwili wazi, na usalama wa abiria umo katika kuiacha wazi yote miwili hadi futi ya mwisho.

Siku hizi kuna mshirika wa tatu katika chumba cha rubani: kompyuta ya urambazaji. CRJ900 na Airbus A330-800 za Uganda Airlines iliyofufuliwa mwaka 2019 zinayo. Kabla ya kuanza kushuka, marubani huchagua ndani yake ukaribiaji mzima, na vituo vyake vyote hujipanga kwenye skrini kutoka hifadhidata ambayo hubadilishwa kila siku 28. Kinachonivutia ni kwamba orodha hiyo haiishii kwenye njia ya kurukia. Baada yake huja vituo vya kupaa upya. Kompyuta imeandaliwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutotua.

Lakini kompyuta hiyo hutii herufi inazobonyezewa. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikielekea Cali, Kolombia. Mwongoza ndege aliwapa marubani njia ya mkato, nao wakawa na haraka. Walitaka kituo cha Rozo, wakaingiza herufi R. Kompyuta ikachukua kituo kingine, Romeo, kilicho karibu na Bogotá. Ndege ikageuka upande wa mashariki, kwenye milima, na watu 159 wakafa. Kwa hiyo utaratibu ni kwamba rubani mmoja anaandika, mwenzake anasoma alichoandika na kukilinganisha na chati, ndipo kitufe cha kuthibitisha kinapobonyezwa. Na wote wawili wasiinamie kompyuta kwa wakati mmoja, hasa ndege ikiwa chini. Mwongoza ndege akibadilisha njia dakika za mwisho, mara nyingi jibu salama ni kuomba muda zaidi.

Limebaki jambo la jina la kule kupaa. Kiingereza huuita ukaribiaji unaoishia kwa kupaa "missed", na anayefasiri neno kwa neno ataandika "ukaribiaji uliokosewa" au "ulioshindikana". Siafiki. Maneno hayo yanampa rubani aibu asiyostahili, na yanamtia hofu abiria aliyehisi injini zikinguruma na pua ya ndege ikiinuka wakati aliposubiri magurudumu yaguse ardhi. "Kupaa upya" kunataja kitendo bila kukihukumu. Kwenye redio marubani wataendelea kutumia Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kimataifa ya kazi yao. Kiswahili kinahitajika kwingine: kwenye tangazo la rubani kwa abiria, kwenye habari za redioni, na kwenye taarifa ya ajali itakayosomwa na jamaa wa waliofariki. Wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga una makao yake Entebbe. Faharasa ndogo ya Kiswahili yenye maneno haya manne, yaani ukaribiaji kwa ala, kimo cha uamuzi, kikomo cha kushuka na kupaa upya, inaweza kuanzia hapo.